Rakuni ni mnyama gani? Mwongozo kamili wa kumjua ukoo wake na kumtofautisha na wanaofanana naye

Kiangazi changu cha kwanza Toronto, saa nane usiku, nilisikia kifuniko cha pipa kikianguka uani. Nikachungulia dirishani. Taa ya mlangoni ilikuwa inawaka, na juu ya pipa ameketi mnyama wa kijivu mwenye manyoya mengi, mkia una pete nyeusi, machoni kama amevaa barakoa. Alikuwa ameshika ganda la tikiti kwa mikono miwili, analigeuza taratibu, analitafuna. Aliponiona hakukimbia. Alinitazama, akaendelea kula.

Nikairusha video kwenye kundi la familia. Kwetu ilikuwa saa tatu asubuhi, na mjomba wangu wa Muheza akawa wa kwanza kujibu: "Mwanangu, huyo si fungo? Huko kafikaje?" Shangazi akasema ni komba mkubwa. Binamu akaandika kwamba ni mbwa wa Kizungu.

Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na nilipoanza kuwajibu nikagundua mimi mwenyewe najua jina tu: rakuni. Nimekaa na hawa wanyama miaka kadhaa sasa, nikawafuatilia na kusoma habari zao, na haya ndiyo ninayojibu siku hizi. Barakoa na mkia wa pete humtambulisha rakuni haraka sana, lakini ukitaka kujua ni wa ukoo gani, alama hizo hizo ndizo zinazokupoteza. Ukoo wake unasomwa mahali pengine: nyayoni, mdomoni na ndani ya sikio.

Kabla hujaanza

Unahitaji tochi, rula, simu ya kupiga picha na subira. Huhitaji kumkaribia, na usimkaribie. Rakuni anaweza kubeba kichaa cha mbwa, na kinyesi chake mara nyingi huwa na mayai ya mnyoo aitwaye Baylisascaris procyonis, ambaye akiingia mwilini mwa binadamu anaweza kufika mpaka kwenye ubongo. Ukikuta kinyesi au fuvu, usishike kwa mikono mitupu. Akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama jeraha ni dogo.

Hatua ya kwanza: mtazame mzima, kisha uutilie shaka uso wake

Rakuni wa kawaida ana urefu wa sentimita 40 hadi 70 toka pua hadi shina la mkia, na mkia wa sentimita 20 hadi 40. Wengi wana uzito wa kilo 5 hadi 12, na huwa wazito zaidi kuelekea majira ya baridi, maana hujiwekea mafuta. Mgongo umepinda kwa juu kwa sababu miguu ya nyuma ni mirefu kuliko ya mbele. Barakoa nyeusi inapita machoni, imezungukwa na manyoya meupe, na mstari mweusi unashuka katikati ya pua. Mkia una pete, mara nyingi tano hadi saba.

Sasa kumbuka wanyama wengine. Fungo naye ana weusi machoni. Kanu ana pete mkiani. Lemuri wa Madagaska, jirani wa ndugu zetu wa Komoro, ana pete nzuri kuliko wote. Panda mwekundu wa milima ya Himalaya ana pete na madoa usoni. Hakuna hata mmoja kati ya hao wanne aliye katika familia ya rakuni. Rangi za manyoya hujirudia kwa wanyama wasiohusiana, hasa wanaotembea usiku. Kwa hiyo andika ulichokiona usoni, ukiweke pembeni, kisha shuka miguuni.

Hatua ya pili: usome unyayo

Hapa nakushauri utumie muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Mimi nilichukua sinia pana la kuokea, nikalijaza mchanga laini wa kuchezea watoto, nikaulowesha kidogo na kuusawazisha kwa ubao. Nikaliweka sinia njiani, kati ya uzio na pipa. Asubuhi nikakuta alama ambazo zilinifanya niite watu wa nyumbani waje kuona. Zilikuwa kama viganja vya mtoto mchanga aliyetambaa usiku: kiganja, vidole vitano vyembamba vilivyotawanyika, na mbele ya kila kidole kitobo kidogo cha ukucha. Mguu wa nyuma ulikuwa mrefu zaidi, una kisigino kamili, kama unyayo wa mtu uliofupishwa.

Hayo ni mambo matatu ya kuandika. La kwanza ni idadi: vidole vitano mbele na vitano nyuma, na vyote vinaonekana. Mbwa, paka na fisi huacha alama ya vidole vinne. La pili ni namna ya kukanyaga: rakuni hukanyaga kwa unyayo wote, kama dubu na kama sisi, wakati mbwa na paka hutembea juu ya vidole. La tatu ni mpangilio. Rakuni akitembea polepole, alama ya mguu wa nyuma wa upande mmoja hutua karibu kabisa na alama ya mguu wa mbele wa upande wa pili, kwa hiyo utaona alama mbili mbili, ndogo na kubwa, ndogo na kubwa, zikienda mbele.

Mjomba alipobisha tena kuhusu fungo, nilimuuliza: unyayo wa fungo kwenye udongo wa shambani ukoje? Akajibu bila kusita kwamba ni wa duara, vidole vinne, kama wa mbwa. Ndivyo ulivyo. Fungo ana kidole cha tano lakini kimekaa juu, na hutembea kwa ncha za vidole. Barakoa wanafanana, miguu hawafanani kabisa.

Na komba wa shangazi? Huyo ni wa oda ya nyani, kama lemuri. (Oda ni kundi kubwa linalokusanya familia kadhaa za wanyama.) Vidole vyake vina kucha bapa kama zetu, isipokuwa kidole kimoja cha mguu chenye ukucha wa kujikunia. Rakuni ana makucha yaliyopinda kwenye vidole vyote ishirini, na hayarudi ndani kama ya paka.

Hatua ya tatu: tazama mikono inavyofanya kazi

Jina lenyewe limetokana na mikono. Wapowhatan, wenyeji wa asili wa Virginia huko Marekani, walimwita kwa neno lenye maana ya anayesugua na kukwaruza kwa mikono, na Mwingereza John Smith akaliandika mwanzoni mwa miaka ya 1600 kadiri sikio lake lilivyolipokea. Wahispania walilichukua jina lao, mapache, kutoka Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa Meksiko, nalo pia linahusu mikono inayoshika kila kitu. Wajerumani humwita dubu mwoshaji. Hata jina la kisayansi, Procyon lotor, limebeba neno la Kilatini la mwoshaji.

Lakini rakuni haoshi chakula. Porini huwinda kwenye maji ya kina kifupi: huingiza mikono chini ya mawe, macho yanatazama kwingine, vidole vinatafuta kaa na vyura. Aliyefungiwa na kupewa chakula kikavu hukipeleka majini na kukipapasa vile vile. Ngozi ya viganja vyake ikilowa hulainika na kuhisi zaidi. Karibu theluthi mbili ya eneo la gamba la ubongo wake linalopokea hisia limetengwa kwa ajili ya kugusa. Juu ya makucha ya mbele ana vinywele vya kuhisia, hivyo anaweza kujua kitu kabla kidole chenyewe hakijakigusa sawasawa. Yote haya anayafanya bila kidole gumba kinachoweza kukabili vingine kama chetu. Hushika kwa kubana kitu kati ya mikono miwili.

Ukimwangalia akishuka mti utaona jambo jingine: hutanguliza kichwa, kwa sababu anaweza kuzigeuza nyayo za nyuma zikaelekea juu. Paka akitaka kushuka hurudi kinyumenyume.

Hatua ya nne: hesabu meno

Hii ni kwa atakayepata fuvu, au picha nzuri ya fuvu kutoka makumbusho. Gawa mdomo robo nne, na uhesabu robo moja kuanzia mbele: meno ya kukatia matatu, chonge moja, magego madogo manne, magego makubwa mawili. Ni kumi. Mara nne, 40.

Mbwa ana 42. Paka ana 30. Fisi madoa ana 34, na nyegere 32.

Baada ya kuhesabu, tazama umbo. Wengi wa wanyama wa oda ya Carnivora, yaani wala nyama, wamerithi jozi maalumu kila upande: gego dogo la mwisho la juu hukutana na gego kubwa la kwanza la chini, nayo hukata kama makasi. Kwa paka makasi hayo ni makali kweli. Kwa rakuni yamekuwa butu, na magego yake ni mapana yenye vinundu, ya kusagia. Kinywa hicho kinakwambia chakula chake: mahindi, matunda, karanga za mwituni, konokono, mayai, samaki, na mabaki ya wali wetu. Kuwa katika oda ya wala nyama ni habari ya nasaba. Panda mkubwa anakula mianzi na bado yumo humo.

Tahadhari moja. Fungo naye ana meno 40. Ukiishia hapa, mjomba wangu anashinda hoja.

Hatua ya tano: ndani ya sikio

Pindua fuvu lililo safi, litazame kwa chini. Nyuma ya taya, kila upande, kuna kibofu cha mfupa mfano wa nusu ya njugu. Ndani yake mna chumba cha sikio la kati. Kwa paka na jamaa zake, chumba hicho kwa kawaida kimegawanywa na ukuta wa mfupa. Kwa mbwa na jamaa zake hakina ukuta huo kamili.

Kipambanuzi hicho kidogo kinaonyesha pande mbili kuu za oda hii, zilizoachana zaidi ya miaka milioni 40 iliyopita. Uchunguzi wa vinasaba nao umezithibitisha. Upande wa paka wapo simba, chui, fungo, kanu, nguchiro na fisi. Ndiyo, fisi, pamoja na sura yake yote ya mbwa. Upande wa mbwa wapo mbweha, dubu, sili, nyegere, fisi maji, kicheche na rakuni.

Sasa fungo ameondoka kabisa. Yule paka wa zabadi, ambaye mafuta yake yalitiwa kwenye manukato kwa karne nyingi, ana undugu wa karibu zaidi na simba kuliko na mnyama wa kwenye pipa langu.

Hatua ya sita: mpandishe ngazi

Ukishakusanya hayo, kumpanga ni kazi fupi. Himaya ni ya wanyama. Faila ni Chordata, wenye uti wa mgongo na jamaa zao. Ngeli ni mamalia: ana manyoya na hunyonyesha, jike hubeba mimba kwa siku 63 hadi 65 na kuzaa watoto wawili hadi watano mara nyingi. Oda ni Carnivora. Familia ni Procyonidae. Jenasi ni Procyon. Spishi ni Procyon lotor.

Ngazi hiyo haikupatikana kwa siku moja. Linnaeus, Mswidi aliyeweka msingi wa majina haya ya kisayansi, katika kitabu chake cha mwaka 1758, alimweka rakuni pamoja na dubu na kumwita Ursus lotor. Simlaumu, maana unyayo ule niliouona mchangani unafanana kweli na wa dubu. Mwaka 1780 Mjerumani Storr alimpa jenasi yake, Procyon, kwa neno la Kiyunani lenye maana ya aliye kabla ya mbwa. Dubu na mbwa wote wamo upande wake wa oda, lakini hakuna kati yao aliye ndugu wa karibu zaidi. Wa karibu zaidi ni familia ya Mustelidae.

Na Mustelidae tunao nyumbani: nyegere, kicheche, fisi maji. Fikiria fisi maji mkubwa wa Afrika, yule ambaye vidole vyake vya mbele havina makucha. Huketi kwenye maji ya kina kifupi akipapasa matopeni kutafuta kaa, macho yakitazama kwingine. Nilipoona picha zake kwa mara ya kwanza baada ya kumzoea rakuni, niliona mikono ile ile. Kila mmoja ameupata ufundi huo kivyake, lakini undugu ni wa kweli.

Hatua ya saba: mtenge na ndugu zake wa nyumba moja

Familia ya Procyonidae ni ya mabara ya Amerika tu. Afrika haina hata mmoja wa asili. Koati ana pua ndefu inayochezacheza, mkia anausimamisha wima, na hutembea mchana. Majike huongozana kwa makundi. Kinkaju ana rangi ya asali, hana barakoa, na mkia wake hushika matawi. Olingo hufanana naye, ila mkia haushiki. Basariski ni mwembamba kama kanu, mkia mrefu wenye pete nyingi. Familia hii bado inatushangaza: mwaka 2013 wanasayansi walitangaza spishi mpya, olinguito, wa misitu ya ukungu ya Kolombia na Ekwado, ambaye vielelezo vyake vilikuwa vimelala makabatini mwa makumbusho kwa miongo mingi vikidhaniwa ni vya olingo wengine.

Ndani ya jenasi ya Procyon wamo watatu. Rakuni wa kawaida anaanzia Kanada hadi Panama. Rakuni mla kaa, Procyon cancrivorus, anaanzia Kosta Rika na Panama hadi kaskazini mwa Argentina. Pale wanapokutana, tazama miguu: wa kawaida ana miguu iliyopauka, mla kaa ana miguu ya giza na manyoya mafupi, hivyo huonekana mrefu zaidi. Manyoya ya shingo yake hulala kuelekea kichwani. Wa tatu, Procyon pygmaeus, ni mdogo, kilo tatu hadi nne hivi, na anaishi kisiwa kimoja tu duniani, Cozumel cha Meksiko. Yuko hatarini sana kutoweka, na naumia kwamba umaarufu wa yule wa mapipa unawafanya watu wadhani rakuni wote wamejaa tele.

Zamani rakuni wa Bahamas na Guadeloupe nao walihesabiwa kuwa spishi za peke yao. Uchunguzi wa mafuvu na vinasaba ulionyesha ni wale wale wa kawaida, waliopelekwa visiwani na watu.

Hatua ya nane: wanaochanganywa naye zaidi

Mbwa-rakuni wa Asia Mashariki ndiye anayewapoteza wengi, na hapo binamu yangu alikuwa karibu na ukweli kuliko alivyojua. Ni mbwa halisi wa familia ya Canidae, kwa jina Nyctereutes procyonoides. Mtazame mkia: hauna pete. Tazama uso: weusi wa machoni haukutani juu ya pua, na mashavu yana manyoya marefu. Tazama unyayo: vidole vinne.

Usiitegemee sana ramani. Mwaka 1934 rakuni waliachiwa makusudi kando ya ziwa la Edersee huko Ujerumani, na wengine walitoroka shamba la manyoya karibu na Strausberg lilipopigwa bomu mwaka 1945. Leo wametapakaa nchini humo. Mbwa-rakuni naye aliletwa magharibi mwa Umoja wa Kisovieti kwa ajili ya manyoya, akaenea hadi Ujerumani. Kwa hiyo Mswahili anayeishi Berlin anaweza kukutana na wote wawili. Japani nako ndivyo: mbwa-rakuni ni mwenyeji, rakuni ni mgeni aliyeletwa afugwe.

Panda mwekundu aliwahi kuwekwa familia ya rakuni. Sasa ana familia yake, Ailuridae, jirani na ukoo huo. Panda mkubwa naye alibishaniwa zaidi ya miaka mia moja, mpaka vinasaba vilipomrudisha kwa dubu.

Oposumu wa Virginia huja kwenye mapipa yale yale usiku ule ule. Uso mweupe, mkia mtupu kama wa panya, meno 50, na jike ana mfuko tumboni. Huyo hayuko hata karibu: ni wa upande wa kangaruu. Skanki ana mistari myeupe na harufu isiyosahaulika. Anafanana na kicheche wetu kwa rangi na kwa uvundo, ila kila mmoja ana familia yake.

Mwaka 2016 jiji la Toronto lilianza kugawa mapipa mapya ya mabaki ya chakula yenye kitasa cha kuwazuia rakuni. Langu nimelifunga vizuri, lakini sinia la mchanga bado naliweka.

Mwezi uliopita mjomba alinitumia picha. Ubao wa chini wa banda la kuku umeng'olewa, na kwenye udongo laini pana alama. Aliweka kiberiti kando ili nione ukubwa, kama nilivyomfundisha. Nikahesabu vidole vitano, kiganja kipana, na mbele ya vidole mashimo ya makucha marefu mno, mbali na ncha. Nikampigia. "Shikamoo mjomba. Huyu si fungo."

"Marahaba. Najua," akasema. "Nimehesabu vidole. Mizinga yangu miwili ya nyuki nayo imepinduliwa. Nyegere huyu. Yaani ndiye ndugu wa huyo wako wa pipani?"

Nikamwambia ndiye.